Dumu la Maji ya Safari

Kila siku asubuhi, hata kabla ya kupiga mswaki, Chapuchapu alikuwa na kazi moja: kuchemsha maji ya kunywa. Alikuwa akijaza sufuria kubwa, akiiacha jikoni mpaka maji yatokote kwelikweli, kisha akiyapoza na kuyachuja kwa kitambaa cheupe. Mama yake, ambaye alikuwa mfanyausafi katika wodi ya watoto, hakuwa na mzaha kuhusu jambo hilo. "Nusu ya watoto ninaowapigia deki kule wameletwa na maji machafu," alizoea kusema.

Chapuchapu alikuwa na miaka kumi na miwili. Jina hilo alipewa na baba yake kwa sababu alifanya kila kitu mbiombio, na kwa kweli alikuwa hodari. Ila akikosea, mbio zote zilimwisha. Kusema "nimekosa" kulimchukua siku nzima, na mara nyingi siku ikaisha bila yeye kusema.

Mdogo wake aliitwa Mzee. Alikuwa na miaka miwili na nusu tu, lakini alibeba jina la babu yao, tena alitembea mikono nyuma kama mtu aliyestaafu juzi. Mzee alimpenda dada yake kuliko watu wote duniani. Uji alioukataa kwa mama aliunywa kwa dada, na dawa aliyoitema kwa mama aliimeza kwa dada.

Baba yao alikuwa dereva wa lori la saruji. Kwa miaka tisa alikuwa amepita barabara ya pwani, mara nne kwa wiki, na kila aliporudi alikuwa na la kusimulia: mahali barabara inaponing'inia juu ya bahari, mwamba wenye tundu ambalo wimbi likiingia hutoa mvuke kama birika, mchanga mweupe usio na nyayo hata moja. "Siku moja nitawapeleka mkaone kwa macho yenu," alisema. Siku hiyo ilichelewa miaka tisa. Hatimaye akapata likizo ya siku tatu, na rafiki yake makanika akamwazima gari dogo.

Asubuhi ya safari Mzee alikuwa ameharisha mara mbili. Mama akasitasita mlangoni. "Labda tungeahirisha," alisema. Uso wa baba ulimporomoka hadi mama akamhurumia. "Pengine ni magego yanaota," mama akajiambia, akatia kwenye mkoba pakiti za dawa ya unga, ile inayochanganywa na maji kwa ajili ya mtoto anayeharisha.

Baba hakuwasha gari. Dereva wa lori haondoki kabla ya kukagua, na ukaguzi wake ulikuwa wa kuita.

"Mkate na mayai?"

"Vipo," mama akaitikia.

"Dawa?"

"Zipo."

"Maji?"

"Yapo, dumu limejaa pomoni!" Chapuchapu akajibu kwa sauti ya askari. Wakati huo alisema kweli. Dumu la lita kumi, maji yaliyochemshwa na kuchujwa, lilikuwa nyuma ya gari. Kazi ya maji ilikuwa yake, na baba alikuwa amesema wazi kuwa isikabidhiwe mtu mwingine.

Barabara ilikuwa kama baba alivyoisimulia, tena zaidi. Bahari ilikuwa upande wa kushoto, ya kijani karibu na ufuo na ya buluu iliyokolea mbali. Baba aliimba, akapiga honi bila sababu, akaonyesha kila kitu kwa kidole kama aliyeviumba yeye. Mama peke yake ndiye aliyenyamaza, kwa sababu kona zilimtia kichefuchefu na alikuwa ameziba mdomo kwa kitenge.

Walisimama kwenye ule mchanga mweupe. Wakaogelea, wakacheka, Mzee akakimbizana na mawimbi huku mikono yake bado iko nyuma. Walipokuwa wakijiandaa kuondoka, Chapuchapu alirudi garini peke yake. Chumvi ilikuwa imemkauka mwilini, nywele zimekakamaa, na viatu vyake vipya vya wazi vimejaa mchanga. Akalitazama dumu. "Kidogo tu," akasema moyoni. Akajimwagia kichwani. Akasuuza viatu. Yale maji yalikuwa matamu mwilini, naye aliinamisha dumu mara ya pili na ya tatu, na alipokuja kulitikisa, lilikuwa limebaki na fundo moja.

Baba angelinyanyua dumu, na angejua kwa uzito tu. Wangeambiwa warudi nyuma, na safari ya miaka tisa ingeharibiwa na yeye. Ndivyo alivyowaza. Basi akashuka upande wa pili wa miamba, akalizamisha dumu, likajaa maji ya bahari. Alikuwa na mpango: kwenye kituo cha mafuta angejifanya anakwenda msalani, ayamwage, ajaze ya bomba. Nani angejua?

"Maji bado yapo?" mama aliuliza akifunga buti la gari.

"Yamejaa, mama."

Kituo cha mafuta kilitokea baada ya nusu saa. Chapuchapu akaanza kujisogeza mlangoni. Lakini mshale wa mafuta ulikuwa juu na baba alikuwa katikati ya wimbo. Akakipita bila hata kukitazama.

Baada ya hapo hapakuwa na nyumba wala duka, ni miamba na bahari tu. Na hapo Mzee akaharisha tena, safari hii kama bomba lililopasuka. Mama akamsafisha, akamkalisha vizuri, akageuka nyuma.

"Nipe maji, nimchanganyie dawa."

Chapuchapu alilivuta dumu kutoka nyuma ya kiti. Neno lilikuwa pale pale mdomoni, lakini hakulisema. Mama akachanganya unga kikombeni huku gari likiyumba, na kwa sababu ya kichefuchefu hakuthubutu kuonja. Akampa Mzee kijiko kimoja. Mzee akakitema na kukunja uso.

"Ina chumvi kidogo, baba, ndiyo dawa," mama akambembeleza. Mzee akafunga mdomo kama mlango. Mama akachoka. "Mpe wewe, Chapu. Kwako hakatai."

Mtoto akapitishwa kiti cha nyuma, na kikombe kikahamia mikononi mwa dada.

Mzee alimtazama. Akamwona ni dada yake, akafungua mdomo. Chapuchapu akampa kijiko. Akakimeza, machozi yakamlengalenga, akafungua mdomo tena. Akampa cha pili na cha tatu. "Kila mtu humeza maji ya bahari anapoogelea," Chapuchapu alijiambia. "Hakuna aliyekufa." Akampa mpaka kikombe kikaisha, na kila kijiko kilimwuma yeye kuliko kilivyomwuma Mzee, lakini aliendelea. Hilo ndilo hakulisahau baadaye: kwamba aliendelea.

Baada ya muda Mzee akatapika. Kisha akaanza kulia kwa kiu. "Dada, maji. Dada, maji." Midomo ilimkauka, akaishika nguo ya dada yake na kuivuta. Kilio chake kikawa chembamba, kisha kikawa cha kukatika, kisha akawa anatazama tu.

"Amepoteza maji mengi," mama alisema, sasa kwa hofu. "Baba Chapu, ongeza mwendo. Chapu, lete maji, nichanganye nyingine."

Kikombe cha pili kikachanganywa. Kikamjia tena mkononi. Mzee, pamoja na ulegevu wake, aliona kikombe na dada, akafungua mdomo. Chapuchapu akampa vijiko vitatu. Cha nne kilifika nusu ya njia, kikasimama.

"Mama, usimpe haya!" alipiga kelele. "Ni maji ya bahari! Nilimwaga yetu, nikajaza ya bahari!"

Baba alikanyaga breki hadi gari likapinda. Mama alichukua kikombe, akaonja, akatema dirishani. Chapuchapu alitegemea kofi, na alilitamani, maana kofi lingekuwa na mwisho. Halikuja. Mama alimpokonya mtoto, akamkumbatia, akasema neno moja tu kwa baba: "Geuza."

Kituo cha afya walichokuwa wamekipita njiani kilikuwa kijengo cha matofali chenye benchi refu barazani. Tabibu alikuwa mwanamke mfupi, miwani yake imening'inia kifuani kwa kamba. Alimpapasa Mzee tumbo, akamwita, Mzee hakuitika.

"Amekunywa nini, kiasi gani, na tangu lini?" aliuliza. "Nataka yote. Ukweli wa nusu hauna kazi hapa."

Watu wazima wote walimgeukia Chapuchapu. "Nusu kikombe" lilikuwa jibu lililokwisha kumjia ulimini, jepesi, lenye aibu kidogo. Alimtazama Mzee kitandani.

"Kikombe kizima cha dawa iliyochanganywa na maji ya bahari," alisema huku analia. "Na vijiko vitatu vya kikombe cha pili. Kile cha kwanza alikimaliza saa nzima iliyopita. Mimi ndiye niliyempa."

Tabibu aliandika, akaita muuguzi, mlango ukafungwa.

Alipotoka jioni, jua lilikuwa bado halijazama. "Ataishi," alisema, na baba akakaa chini kwa kishindo. Tabibu akamgeukia Chapuchapu. "Mtoto aliyeishiwa maji kwa kuharisha tu tunamrudishia upesi. Aliyejaa chumvi tunamrudishia polepole, maana tukiharakisha ubongo unavimba. Ungenidanganya, ningemtibu kwa haraka, na mikono yangu mwenyewe ingemuua. Umesema kweli ukiwa umechelewa sana, binti. Ila ulisema."

Mzee alilazwa siku mbili. Likizo iliyosubiriwa miaka tisa ikaishia kwenye benchi la barazani, mgongo kwa bahari. Mkate ukakauka kwenye mfuko. Mama hakutoka wodini. Siku ya pili, baba alikaa karibu na Chapuchapu akisugua viganja vyake.

"Najilaumu na mimi," alisema. "Mtoto alikuwa mgonjwa tangu nyumbani, nami nilitaka barabara yangu. Nitalijibu hilo kwa mama yako. Lakini hebu niambie. Ulidhani ningekufanya nini ukiniambia maji yamekwisha?"

"Nilidhani utakasirika, tutarudi nyuma, na safari itaharibika."

"Ningekasirika kweli. Ningekuita mjinga mara mbili, labda tatu. Halafu ningejaza dumu pale kituo cha mafuta. Kuna bomba nyuma ya gereji, nimekunywa hapo miaka tisa." Akamgeukia. "Kumwaga maji ni utoto, Chapu. Watoto humwaga maji. Lakini uliposema 'yamejaa', sisi wote tuliyajenga mambo yetu juu ya neno hilo. Mama yako alichanganya dawa juu ya neno lako. Mzee alifungua mdomo juu ya neno lako. Mtu akikuamini, anakuwa hana kinga kwako. Usimfanyie tena mtu hivyo, hata kwa jambo dogo, maana wakati unadanganya hujui bado kama ni dogo."

"Sitarudia, baba."

"Nasikia," alisema baba. Hakusema, "Najua."

Siku ya tatu wakaanza safari ya kurudi. Mzee alikuwa amekonda, macho makubwa, lakini alipotembezwa barazani aliirudisha mikono nyuma, na muuguzi akacheka. Garini alikaa mapajani kwa dada yake. Hakuwa na kinyongo, alikuwa mtoto. Baba aliendesha bila kuimba, na hakuonyesha kitu chochote kwa kidole.

Njiani Mzee akasema, "Dada, maji."

Chapuchapu alichukua chupa ambayo muuguzi mwenyewe aliwajazia, akamimina kikombeni, akakisogeza mdomoni mwa mdogo wake. Mzee akafungua mdomo. Mkono wa mama ukaja kutoka kiti cha mbele, taratibu, ukakichukua kile kikombe. Mama akanywa fundo, akalishikilia mdomoni, akameza. Kisha akakirudisha.

"Sasa mpe," alisema.

Chapuchapu akampa, na Mzee akanywa hadi tone la mwisho. Nyumba za kwanza za mji zilikuwa zimeanza kuonekana alipopata nguvu ya kuuliza.

"Mama, utakuwa ukionja mpaka lini?"

Mama hakugeuka. Alikuwa akiitazama barabara, na sauti yake haikuwa na hasira hata kidogo, ilikuwa ya mtu aliyechoka.

"Sijui, mwanangu. Nilikuwa nakuamini bila kufikiri, na kitu hicho hakirudi kwa kuomba radhi. Kinarudi kwa wewe kusema kweli leo, na kesho, na siku ambayo kweli itakuponza. Mimi mwenyewe natamani niache hata sasa hivi. Lakini mkono haukubali."