Parseki Tatu za Mchumba, Miaka ya Nuru Kumi ya Fundi Bomba

— Rudia! Mama Lenzi aliifokea simu, mikono yake yote miwili ikiwa imejaa uji wa kung'arishia vioo. Rudia ulichosema!

Simu, kwa sauti tamu isiyojua dunia ina mabaya, ikarudia:

— Parseki tatu ni sawa na miaka ya nuru tisa nukta saba nane. Jana saa tisa alasiri uliniuliza kuhusu miaka ya nuru kumi, kisha ukamtumia Fundi Bomba ujumbe: "Nakupenda umbali wa miaka ya nuru kumi, kipenzi." Je, nimtumie tena?

Shangazi, mwenye karakana ya miwani, akazima mashine ya kukatia lenzi.

— Fundi bomba gani huyo anapendwa kupita nyota?

Simu ile ilikuwa ya mchumba wa Mama Lenzi, mwalimu wa fizikia. Aliponunua mpya, hii ya zamani alimpa Mama Lenzi aiweke mezani pa kazi, awe anaiuliza kwa mdomo nanomita za utando wa lenzi ni milimita ngapi, maana mikono yake haikauki. Mwalimu anayejua mpaka uzito wa sayari alisahau jambo moja dogo: kuitoa akaunti yake. Kila alichoiuliza simu mpya, na kila ujumbe alioutuma, ya zamani ilipata.

Asubuhi hiyo alikuwa amemwandikia Mama Lenzi: "Nakupenda parseki tatu, mke wangu mtarajiwa." Mama Lenzi akaiuliza simu, ajue amependwa kiasi gani. Ilikuwa Alhamisi. Harusi ni Jumamosi.

— Ipi kubwa? aliiuliza simu.

— Miaka ya nuru kumi. Tofauti ni takribani kilomita trilioni mbili.

— Trilioni mbili! Shangazi akapiga kofi. Kakupunja!

Mama Lenzi akafuta mikono kwenye aproni, akaitoa namba kwenye simu ile, akampigia huyo Fundi Bomba. Ikapokea sauti ya mwanamke.

— Haloo?

— Dada, samahani. Wewe ni fundi wa mabomba?

— Mabomba? Mimi nauza maua. Nani mwenzangu?

— Mchumba wa mwalimu wa fizikia.

Muuza maua akapaza sauti:

— Mchumba? Mbona aliniambia Jumamosi anamwoza dada yake? Maua ya ukumbini kaniagiza mimi! Namwacha!

— Dada yake ndiye mimi, basi. Asante kwa maua.

Akakata. Akamwandikia mwalimu: "Njoo karakanani sasa hivi."

Jibu likaja: "Nina kipindi, mpenzi wangu 😍"

"Njoo, au nije mimi nifundishe."

Baada ya dakika kumi, mwalimu aliingia akihema, chaki imemjaa mkononi.

— Kuna nini, mpenzi? Shangazi, shikamoo.

— Sina marahaba leo, Shangazi akasema.

— Fundi Bomba ni nani? Mama Lenzi akauliza.

Mwalimu akalitazama bomba la sinki, kana kwamba lingemtetea.

— Ule... ule ulikuwa mfano wa darasani.

— Na wanafunzi wako wanaitwa kipenzi?

— Mpenzi, sikiliza. Parseki ni kubwa kuliko mwaka wa nuru! Nilikupa kipimo kikubwa!

— Kimoja kwa kimoja, ndiyo. Tatu kwa kumi je?

Kwa mazoea ya kazi, maskini, akaanza kupiga hesabu kwa midomo.

— Tatu mara tatu nukta mbili sita... tisa nukta saba...

Akajifutia chaki kwenye suruali.

— Endelea, mwalimu. Darasa linasikiliza.

— Nisamehe. Hiyo mashine imetuchonganisha.

— Mashine haikukutuma kwa muuza maua! Meza ikatikisika kwa ngumi ya Mama Lenzi. Miaka minne nakungoja umalize masomo, umalize mafunzo, umalize visingizio! Nimewakatalia watu wawili kwa ajili yako! Unanirushia nyota kila asubuhi, nami nacheka kama mwehu, kumbe unazigawa! Nani alikuomba umbali? Mimi nilitaka mtu wa karibu!

Machozi yalimtoka, lakini ya hasira, yale yasiyofutwa.

— Nitamwacha. Leo hii. Nakuapia.

— Ameshakuacha yeye. Nami ni wa pili.

— Kadi zimekwisha kugawiwa! Watu watasema nini?

— Hapo ndipo ulipoumia?

Mwalimu akachungulia mlangoni kama kuna anayesikia. Na kwa kuchungulia kule, Mama Lenzi akapata alichokuwa akikitafuta. Akachukua simu yake mwenyewe, akampigia mama mkwe.

— Mama, shikamoo.

— Marahaba, mwanangu! Nipo kwa fundi nguo, najaribu gauni langu.

— Livue tu, Mama. Harusi haipo.

— Haipo? Kuna nini? Mwanangu kafanya nini?

— Yuko hapa. Atakueleza mwenyewe.

Akamkabidhi simu. Yule bingwa wa maneno, mwenye jibu la kila swali tangu duniani hadi kwenye jua, akaiweka sikioni.

— Haloo? Baba? Mbona husemi? Haloo!

Shangazi akawasha mashine. Mama Lenzi akachukua lenzi iliyofuata.