Aliyelaza Kichwa Kusini

Nilinyamaza pale nilipopaswa kusema. Kosa hilo nalikiri kabla sijaanza, maana Mungu analijua tayari. Mimi ni dalali wa nyumba hapa Antananarivo, na Jumapili ni shemasi. Bibi mwenye ile nyumba ya kando ya mashamba ya mpunga aliniambia wazi: "Waambie wapangaji wasigeuze malalo. Pale wale wa usiku wako karibu." Nikaona haya. Shemasi mzima nitaanzaje kumsimulia mtu habari za wachawi? Nikawapa ufunguo, nikawaombea baraka, nikaenda zangu.

Waliopokea ufunguo ni Njaka na mkewe Vololona. Yaliyompata Vololona alitusimulia mwenyewe, mimi na mke wangu, jikoni kwetu. Nami nayaeleza kama alivyoyasema.

Njaka alikuwa mpakua mizigo uwanja wa ndege, Ivato, kaskazini mwa mji. Vololona alishona nguo kiwandani Tanjombato, kusini kabisa. Kila mmoja alitaka wahamie kwake. Wakikaa Ivato, Vololona aamke kabla ya jogoo. Wakikaa Tanjombato, aamke Njaka. Mwaka mzima walivutana.

"Mke humfuata mume," Njaka alikuwa akisema.

"Na mume hufuata wali," Vololona alimjibu, "na mchele wa nyumba hii naununua mimi."

Mwisho wakakata katikati, wakapanga chumba kile ambacho si cha huyu wala cha yule. Kila mtu akajiona kaonewa.

Kisha kitanda nacho kikaleta maneno. Kwetu mtu hulaza kichwa kaskazini, au mashariki. Kusini hulazwa vichwa vya wachawi, tena kaburini. Lakini ukuta wa kaskazini ulikuwa wa barabarani, na mabasi yalipiga honi kabla hakujapambazuka. Vololona alikuwa na mimba changa ambayo hakuwa amemwambia mtu, hata mumewe, maana moja ilikwisha kutoka akaona aibu ya kutangaza tena. Usingizi wake ulikuwa wa mang'amung'amu. Basi akachukua mto wake, akautupa upande wa pili.

"We! Kusini?" Njaka akashtuka. "Kumbe nimeoa mchawi?"

"Umeoa mtu aliyechoka."

"Haya, vua nguo basi ukacheze makaburini."

"Nikirudi nitakuletea mfupa. Lala."

Wakacheka. Tangu hapo wakawa wanalala hivyo, kichwa cha huyu kwenye miguu ya yule, kila mmoja kaelekea kazini kwake.

Jioni moja ya baridi Vololona alishuka basi, akanunua fungu la mboga, akakata njia ya tuta katikati ya mpunga. Jua lilikuwa limezama. Moshi wa tanuri za matofali ulikuwa umelala juu ya maji. Vyura walikuwa wanalia pande zote.

Wakanyamaza.

Wote. Kwa pamoja.

Ikaja harufu. Mafuta ya mbarika… mazito, kama ya mtu aliyejipaka mwili mzima.

"Umechelewa leo, mdogo wangu."

Mwanamke alikuwa nyuma yake. Vololona hakuwa amesikia hatua. Shuka jeupe begani, nywele zimesukwa vizuri, sura ya mtu unayeweza kukaa naye benchi moja kanisani. Vololona akasogea ukingoni, maana tuta ni jembamba.

"Pita, dada."

"Nipite niende wapi? Tunakwenda pamoja." Sauti ilikuwa ya kunong'ona. "Umelala vizuri?"

"Vizuri, dada. Samahani… tunafahamiana?"

"Mto sasa uko mahali pake. Tumefurahi sana."

Mto? Nani kamwambia huyu habari za mto? Chumba kile hakikuwa kimeingia mgeni hata mmoja.

"Ilikuwa… ni kwa sababu ya honi tu, dada. Mume wangu mwenyewe alinicheka."

"Mumeo hulala kwao. Wewe umelala kwetu."

Wakatembea. Vololona akataka kukimbia, miguu ikagoma. Akataka kusali, Baba yetu uliye… sala ikaishia hapo, kama uzi uliokatika kwenye cherehani. Mbele, dirisha la chumba chao lilikuwa giza. Njaka alikuwa hajarudi.

"Mgeni haji mikono mitupu," yule mwanamke akasema. "Nawe una watu wawili. Yuko anayelala kaskazini. Na yuko huyu."

Kidole kikanyooka polepole. Hakikumgusa. Kikasimama mbele ya tumbo.

"Chagua."

Alipofika hapa, Vololona alilia mpaka mke wangu akamshika mabega. Aliapa kwamba hakutamka neno. Lakini moyoni, kwa pumzi moja tu, alimwona Njaka na wimbo wake wa kila asubuhi, "Si nilikwambia Ivato? Si nilikwambia?" Na moyo ukasema: yeye.

"Nimesikia," mwanamke akanong'ona.

"Hapana!" Vololona akapiga ukelele. "Sijasema! Si yeye! Mwacheni mume wangu!"

Yule mwanamke akatabasamu, mpole, kama muuzaji aliyerudishiwa kitu dukani.

"Haya. Tumemwacha."

Kidole kilikuwa bado mbele ya tumbo.

"Basi amebaki mmoja."

Miguu ikafunguka. Vololona akakimbia, akatumbukia majini hadi magoti, akatoka, akakimbia tena. Mboga zilibaki kwenye matope. Nyuma yake vyura wakaanza kulia upya, mmoja mmoja.

Njaka alimkuta kaketi kizingitini, kalowa.

"Volo! Nani kakufanya hivi?"

"Tuhame."

"Sasa hivi? Wapi?"

"Ivato. Kwako. Nitaamka saa yoyote, sijali. Leo hii."

Neno hilo Njaka alikuwa amelisubiri mwaka mzima. Hakulifurahia. Akainama, akamnusa kichwani.

"Mbona nywele zako zinanuka mafuta?"

Usiku ule ule wakaja kwangu wakiwa wamebeba godoro. Nilipomaliza kumsikiliza Vololona, nikawaambia yale niliyoambiwa na bibi. Njaka akasimama.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Ukatuombea baraka. Kwa mdomo huo huo."

Nikaenda kuwatandikia godoro.

Nilimwendea bibi mwenye nyumba, nikataka anieleze huyo mwanamke ni nani. Aliniuliza jambo moja tu: "Nywele bado anazisuka?" Nikasema ndiyo. Akaufunga mlango, nikasikia komeo likipita. Nyumba ile sikumpangisha mtu tena, na kila nikienda upande ule tuta silikanyagi, nazunguka kwa barabarani.

Mtoto alizaliwa Ivato, mzima, wa kiume, wakamwita Mihaja. Tulimshukuru Mungu kwa nyimbo. Vololona hufunga safari ya Tanjombato kila alfajiri gizani, wala hajawahi kulalamika. Wale wawili sasa wanalaza vichwa upande mmoja.

Ila mtoto… Humlaza kichwa kaskazini. Kukipambazuka, kichwa kiko kusini. Nesi aliwaambia watoto hugeuka usingizini, ni kawaida, na mimi nataka kumwamini nesi. Njaka akamfunga blanketi kwa pini. Kusini. Vololona akakesha akimtazama, taa inawaka, na anasema hajawahi kumwona akijisogeza. Vololona akipepesa macho tu, akiyafungua mtoto amekwisha kugeuka. Na analala vizuri. Hulala kwa utulivu kuliko watoto wote niwajuao.

Majirani wameona. Wameanza kuwaita watoto wao ndani Mihaja akitoka kucheza. Wiki iliyopita mama mmoja alimwita mchawi, mbele yake, naye hajafikisha hata miaka mitano.

Mwezi ujao ataanza shule ya Jumapili kanisani kwetu. Nimemaliza, sina mengine. Ninyi waumini wenzangu wenye watoto nawaomba jambo moja: mwacheni akae na wenu kwenye benchi, na msimwite jina lile.