Mume Wangu Alishika Msahafu, Mwanangu Akafa Tumboni

Nina umri wa miaka ishirini na sita. Naishi peke yangu hapa Temeke, nauza vitumbua barazani, na kizazi sina. Hayo nayasema mapema ili msomaji asije akasoma huku akitumaini kwamba mambo yataishia vizuri. Hayakuishia vizuri! Wapo watakaosema nimeanika siri za chumbani gazetini. Na waseme. Niliponyamaza, nani alinisaidia?

Niliolewa nikiwa na miaka kumi na tisa na Seif, kuli wa gatini, mtoto wa pekee wa Bi Tatu. Bi Tatu alikuwa mkunga wetu. Watoto wengi mnaowaona wakikimbia mitaani kwetu walipokewa na mikono yake. Tulikaa nyumba moja, mimi na Seif chumba cha mbele, yeye chumba cha uani. Nilimwita Mama, naye alinipenda kama aliyenizaa. Hilo siwezi kulikana.

Nilikaa miaka mitatu bila kushika mimba. Wanawake wa kisimani wakanipachika jina, Mgumba, wakicheka waziwazi nikipita na ndoo yangu. Bi Tatu alipowasikia aliwaendea hukohuko kisimani, akawatukana mpaka wakaacha ndoo zao. Basi mimba ilipoingia, furaha ya nyumba ile niielezeje? Alichinja kuku, akalia, akanikataza hata kuinua sufuria.

Mimba ilikuwa ya miezi saba nilipokuwa nafagia uwanja asubuhi moja, nikahisi umotomoto miguuni. Kutazama... damu! Tena haikuniuma hata kidogo. Bi Tatu alikuwa Mbagala kwenye arobaini ya nduguye, kwa hiyo Seif ndiye aliyenipeleka hospitali ya mjini.

Daktari Mzungu alinipapasa tumbo kwa juu tu, polepole. Halafu akazungumza na dresa wake, msaidizi wa kufunga vidonda, mtu mzima wa makamo, naye akatugeuzia maneno. Akasema kondo la nyuma limekaa mbele. Limelala mlangoni, na mtoto yuko nyuma yake, hana pa kupita. Nilale palepale wodini mpaka wanipasue wamtoe. Mtu yeyote asiniingize mkono, na mume wangu asinikaribie kabisa, kwa sababu kondo likichanika mtoto atakufa na mama atamfuata. Alimrudilia Seif maneno hayo mara mbili. Seif akaitikia, "Nimesikia, bwana."

Baada ya siku chache damu ikakoma, na Seif akaja kunitoa. Mjukuu wa mkunga akazaliwe kwa kisu cha Mzungu? Watu watamcheka mama yake! Daktari alikasirika, uso ukawa mwekundu. Mwishowe alisema kama ni lazima niende, basi nilale kitandani tu, na damu ikirudi niletwe saa ileile. Seif akakubali yote.

Njiani akanionya nisimwambie mama yake habari za kondo. Alisema mama atajiona amedharauliwa, kwamba tumeacha mkono wake tukakimbilia wa wengine. Atamweleza yeye mwenyewe kwa utaratibu wake. Mume kasema, mimi ni nani? Nikafika nyumbani, Bi Tatu akaambiwa nilikuwa na homa.

Hapa lazima niwaeleze jambo moja wale msiokulia mtaani kwetu. Wazee wetu husema damu ya mimba isiyo na uchungu ni damu ya kuchanganya wanaume. Mtoto amechukizwa, amejifungia njia. Dawa yake ni mwanamke kumtaja huyo bwana wa nje. Akimtaja, njia inafunguka. Akikaidi, anapigwa mpaka ataje, na mkunga anaingiza mkono kumfungua mtoto kwa nguvu. Bi Tatu aliamini hivyo kama alivyoamini kwamba jua hutoka mashariki.

Siku yenyewe ilikuwa adhuhuri. Bi Tatu ameitwa kuzalisha mtaa wa pili. Nimelala kwenye mkeka, nasikia mlango, naona Seif. Alikuwa ametoroka kazini, ananuka tembo la mnazi. Nilipoona anavua shati nilijua. Nikamsihi! Nikamkumbusha maneno ya dresa, nikamshika miguu, nikamwambia huyu ni mtoto wako, Seif, tumemngoja miaka mitatu... Akaniziba mdomo kwa kiganja chake cha kubebea magunia.

Sitaeleza zaidi. Mwanamke anayesoma ameelewa, na mwanamume anayesoma naye ameelewa.

Alipoinuka aliiona damu kwenye mkeka. Nikadhani sasa atakimbilia gari, atanibeba. Alivaa shati lake akatoka!

Alasiri Bi Tatu akarudi. Alifungua mlango, akaona mkeka, akapiga kelele, "Yarabi!" Akaniuliza kama nina uchungu. Nikasema sina. Laiti ningesema ninao! Uso uliokuwa ukinihurumia ukakunjamana palepale.

"Nani?" akaniuliza.

"Seif, Mama. Alikuja mchana."

Na Seif huyo akaingia, vumbi la magunia kichwani, kana kwamba ndiyo kwanza anatoka gatini. Mama yake akamuuliza. Akajibu kwamba tangu alfajiri hakutoka kazini, na akanitazama kwa jicho la mtu aliyedhulumiwa. Nikapiga ukelele nikamwita mwongo. Bi Tatu hakubishana na mtu. Aliutoa Msahafu rafuni, umefungwa kitambaa chake cha kijani, akamwambia mwanawe aape.

Wasomaji wangu, mnajua alifanya nini? Alikwenda kutia udhu kwanza! Nilimsikia akisukutua kule uani, taratibu, huku damu yangu inatoka. Akarudi na mikono iliyolowa, akaushika Msahafu, akaapa kwamba hakunigusa.

Basi niliisha.

Waliniburura mpaka uani. Bi Tatu alinipiga kwa bakora ya marehemu mumewe, mgongoni na mapajani, kila pigo na neno lake, "Mtaje! Mtaje! Unaniulia mjukuu!" Alikuwa analia huku ananipiga. Seif naye, aliyekuwa anajua yote, alinipiga kwa mkanda, tena kwa bidii kuliko mama yake. Alinipiga mdomoni. Jino langu la mbele lilitoka siku ile, na mpaka leo pengo lipo.

Mimi si mtu wa kupigwa nikatulia. Kinu kilikuwa karibu, nikaunyakua mchi, nikamtandika Seif begani mpaka nikasikia mfupa ukilia. Alianguka akipiga yowe kama mtoto. Nikainua tena... na hapo ndipo uchungu wenyewe uliponikamata, mchi ukanitoka mikononi, nikapiga magoti mchangani.

Seif akaja nyuma yangu, akaniangusha chali, akanikandamiza mabega kwa magoti yake. Bi Tatu alikuwa anapaka mkono mafuta ya nazi, mpaka kwenye kiwiko. Nikakumbuka dresa. Nikasahau amri ya mume.

"Mama, usinitie mkono! Daktari kasema kondo liko mlangoni! Seif anajua, kaambiwa!"

Bi Tatu akasita. Mkono ulibaki hewani, mafuta yanachuruzika. Alikuwa mkunga jamani, neno kondo halikuwa geni kwake! Akamwinulia mwanawe macho.

"Seif, daktari kasema hivyo?"

Nilimtazama kutoka chini, kichwa changu katikati ya magoti yake. Ninaapa nilimwombea kwa Mungu. Ilikuwa ni neno moja tu. Angesema "Ndiyo", mwanangu leo angekuwa anakwenda chuoni na juzuu yake.

"Mwongo huyo, Mama," akasema. "Daktari alisema ni homa tu."

Mkono ukaingia.

Maumivu yale sina maneno yake. Nilichokiona ni uso wa Bi Tatu. Vidole vyake vilikuwa vimekutana na kitu ambacho hakikuwa kichwa cha mtoto, na yeye alikitambua kabla damu haijaanza kumiminika. Akautoa mkono. Akautazama. Alipiga ukelele ambao Temeke nzima waliusikia, akamrukia mwanawe, akampiga kofi kwa mkono uleule wenye damu yangu.

Jirani yetu, Mama Eliza, mke wa karani mmoja kutoka bara, ndiye aliyekuja mbio. Hakuuliza kitu. Alisimama katikati ya barabara, akatanua mikono, akasimamisha lori la mchanga. Yeye na Bi Tatu wakanibeba na kitanda cha kamba. Seif hakuonekana. Njia nzima Bi Tatu alikaa juu ya mchanga amekishika kichwa changu, anasema, "Nimemuua... nimemuua..." Nilitaka kumjibu, nikazimia.

Nilipozinduka tumbo langu lilikuwa tupu. Dresa yuleyule alikuja akaketi karibu yangu, akaniambia pole. Mtoto alikuwa wa kiume, alitolewa amekwisha kufa. Kizazi changu nacho kiliondolewa, maana damu ilikataa kusimama. Nilimwomba anioneshe mwanangu. Alikuwa na nywele nyingi, na masikio ya Seif.

Seif alikuja wodini mara moja, bega limefungwa. Alikuja kuniomba tusiyatoe mambo haya nje, tusije tukaaibika! Bi Tatu alikuwapo. Akampa mgongo. Shauri lilipofika kwa kadhi nikidai talaka, nilidhani nitasimama peke yangu, maana nani atashuhudia dhidi ya mwanawe wa pekee? Bi Tatu alisimama. Alieleza yote mbele ya wazee wa mtaa, na la mkono wake mwenyewe hakulificha. Tangu siku ile hajazalisha mtu.

Kila Ijumaa huja akaketi barazani kwangu. Namwamkia shikamoo, nampa chai. Akiniletea chakula nakipokea, lakini akiondoka namwita paka. Nimejaribu kukila, wenzangu. Hakipiti! Mungu anisamehe, na yeye amsamehe.

Enyi mama wakwe, enyi wakunga, nawapigia magoti. Damu isiyouma si ushahidi wa uzinzi. Mpakieni mwanamke kwenye chochote chenye magurudumu, maswali yaulizeni baadaye. Na nyinyi waume, mnayoambiwa na daktari yasemeni nyumbani, hata kama yanawaaibisha.

Seif alihamia Tanga. Juzi nimesikia ameoa, na mkewe ni mjamzito. Wewe dada, sikujui jina wala sura, wala sina kijicho nawe. Kama hujui kusoma, huenda mtu anakusomea maneno haya. Damu ikikutoka, usimsubiri mumeo arudi, usimsubiri aseme, wala usimsubiri aape. Toka nje. Piga mayowe barabarani. Tambaa ikibidi, lakini fika hospitali wewe mwenyewe, na mdomo wako mwenyewe, umweleze daktari.