Sikuuona Uso Wake

Sumaia alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Kila siku masomo yalipokwisha, alikwenda moja kwa moja sokoni Mocímboa da Praia kumsaidia mama yake mdogo, Saquina, aliyekuwa akiuza samaki wa kukaanga. Saquina ndiye aliyemlea tangu akiwa mchanga. Sumaia alifukuza nzi, akawafungia wateja samaki katika karatasi, na jua lilipoanza kushuka walizima moto, wakajitwika karai na kapu, wakarudi nyumbani mtaa wa Kichangani.

Njia za kwenda Kichangani zilikuwa mbili. Moja ilizunguka kwa barabara kuu, yenye maduka na watu, lakini ilikuwa ndefu. Nyingine ilikata nyuma ya ghala bovu la korosho, katikati ya nyumba ambazo wenyewe walikimbia wakati wa vita na hawakurudi. Mapaa yalikuwa yameanguka, nyasi zimeota vyumbani hadi madirishani. Watu walipaita Magofuni. Vijana wasio na kazi walikaa pale mchana kutwa wakinywa pombe ya kienyeji. Taa ya nguzoni ilivunjwa kwa mawe, na hakuna aliyeirudisha. Mwalimu mmoja alikuwa amepigwa rungu pale, na muuza nguo alinyang'anywa mzigo wote. Watu walisema, "Magofuni pabaya," kisha wakaendelea kupita, kwa kuwa palikuwa karibu.

Katika nyumba moja ya pembeni, chini ya turubai, aliishi Valter, kijana aliyehama kutoka Diaca baada ya kijiji chao kuchomwa moto. Alisukuma mkokoteni wa maji kutoka bombani hadi majumbani. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya Kimakonde, na watoto wa mtaani walimwiga wakicheka.

Siku moja samaki walichelewa kwisha. "Leo tukate njia, mwanangu," alisema Saquina. "Nimechoka."

"Mama mdogo, tuzunguke tu."

"Bado kweupe. Twende."

Sumaia alitangulia na karai kichwani. Magofuni palikuwa kimya, hata ndege hawakulia. Alihisi kwamba kuna mtu nyuma ya ukuta, lakini aliogopa kugeuka. Mara akasikia Saquina akipiga yowe. Karai likaanguka. Sumaia aligeuka mara moja tu, akaona mgongo wa mtu mwenye shati la buluu na panga likipanda juu. Akakimbia. Alikimbia hadi barabarani, na nyuma yake yowe likakatika.

Majirani walipofika, Saquina alikuwa amelala kwenye nyasi, mkono umekatwa, hana fahamu. Wakambeba kumpeleka hospitali. Mtu mmoja aitwaye Abacar, fundi seremala jirani yao, alimshika Sumaia mabega.

"Ulimwona? Ni nani?"

Sumaia alitaka kusema, "Sijui, nilikimbia." Lakini watu wote walikuwa wakimtazama, naye aliona haya. Angesemaje kwamba alimwacha mama yake mdogo peke yake?

"Alivaa shati la buluu," alisema.

"La buluu!" Abacar aliwageukia wenzake. "Yule wa kuja, msukuma maji, si ana shati la buluu? Na si analala hapa hapa? Ni yeye, siyo, Sumaia?"

Sumaia alitikisa kichwa kukubali. Halikuwa hata neno. Lakini kabla ya swala ya isha, mtaa mzima ulikuwa ukisema kwamba mtoto amemtambua Valter.

Asubuhi Sumaia alipotoka kwenda shule, alikuta milango imefungwa na hakuna mwanamke anayefagia uwanja. Kisha akasikia kelele upande wa bombani. Alipofika, aliona umati wa watu wenye fimbo na mawe. Mkokoteni ulikuwa umepinduliwa, madumu yamepasuka, maji yamefanya tope. Valter alikuwa amepiga magoti katika tope hilo, damu inamtoka sikioni.

"Sikufanya kitu, baba zangu," alikuwa akisema. "Sikufanya kitu."

Mtu mmoja alikuja akivingirisha tairi kuukuu. Umati ukampisha, na hakuna aliyemwuliza tairi ni la nini. Sumaia alijua. Alikuwa amewahi kusikia wakubwa wakisimulia jinsi watu wanavyochomwa kwa tairi. Miguu yake, kama jana, ilitaka kukimbia.

Wakati huo huo Cassamo, katibu wa mtaa, alitokea akihema, shati halijafungwa vifungo. Sumaia alimkimbilia, akamng'ang'ania mkono.

"Mjomba Cassamo, wazuie! Sikumwona! Mimi sikumwona!"

Cassamo alimtazama, kisha akajipenyeza katikati ya watu, Sumaia akimfuata. Cassamo alisimama mbele ya Valter.

"Nani aliyemwona huyu akimkata Saquina?" aliuliza kwa sauti kubwa. "Aje mbele aseme."

Watu wakatazamana. "Kila mtu anajua," alisema mwenye tairi.

"Sikuuliza nani anajua. Wewe ulimwona?"

"Mimi nilisikia kwa Abacar."

"Abacar, ulimwona?"

"Mtoto ndiye aliyemwona," alijibu Abacar.

Macho yote yakamgeukia Sumaia. Alimwona Valter akimtazama, jicho moja limevimba.

"Niliona mgongo na shati la buluu," alisema. "Uso sikuuona. Nilikimbia, nikamwacha mama mdogo. Niliona haya kusema, ndiyo nikakubali."

Maji yaliendelea kutiririka kutoka kwenye madumu.

"Shati la buluu," alisema Cassamo taratibu. "Na wewe Abacar, leo umevaa shati gani?"

Abacar alijitazama kifuani. Shati lake lilikuwa la buluu. Mtu wa nyuma aliangusha jiwe, mwingine akafuata. Mwenye tairi alitokomea, akaliacha tairi pale pale. Wanaume wawili walimnyanyua Valter, wakampeleka hospitali kwa mkokoteni wake mwenyewe.

Saquina alikuwa amezinduka. Hakuna aliyekuwa amesubiri azinduke ili kumwuliza. Cassamo alipomweleza yaliyotokea, alifumba macho kwa muda mrefu.

"Uso mimi niliuona," alisema. "Ni Abdurrazaque, kijana wa nyuma ya msikiti. Mama yake na mimi tulicheza ngoma pamoja. Nilimwambia, 'Mwanangu, ni mimi Saquina.' Alishtuka, lakini panga lilikuwa limekwisha shuka."

Polisi walimkamata Abdurrazaque mchana huo huo Magofuni, pamoja na wenzake wawili. Simu ya Saquina, waliyomwibia siku ile, ilipatikana kwenye kibanda kimoja sokoni, imewekwa tayari kuuzwa.

Sumaia alimwendea Valter wodini kumwomba radhi.

"Kule Diaca nilikimbia watu wenye mapanga," alisema Valter. "Nikadhani hapa nimefika kwenye watu."

Sumaia alilia. Valter hakumwambia anyamaze, wala hakumfukuza. Baadaye alisema, "Ulirudi ukasema kweli. Ungechelewa kidogo, nisingekuwepo kukusikiliza."

Wiki iliyofuata wakazi wa Kichangani walikutana katika darasa la shule. Saquina alikuja mkono ukiwa umefungwa shingoni. Watu walitaka kusikia adhabu ya Abdurrazaque, lakini yeye aliuliza jambo jingine.

"Yule kijana alisubiri kazi mpaka akachoka kusubiri, akaanza kunywa. Hiyo haimpi ruhusa ya kunikata, na mahakama itamhukumu. Lakini nani aliyekuwa akinunua vitu vya wizi kila mara?"

Abacar alisimama polepole, akatoa simu yake mwenyewe mfukoni, akaiweka mezani. "Hii niliinunua kwenye kibanda kile kile. Ilikuwa rahisi mno, na sikuuliza imetoka wapi." Alimgeukia Valter, aliyekaa karibu na mlango. Akaketi, kichwa chini.

Siku hiyo walikubaliana kufyeka nyasi za Magofuni, kurudisha taa, na kuomba nyumba zisizo na wenyewe zikabidhiwe familia zisizo na makazi. Abacar alijitolea kutengeneza mlango na madirisha ya chumba cha Valter.

Kabla mkutano haujafungwa, askari mmoja, Bi Célia, alimwita Sumaia ili achukue maelezo yake.

"Sasa tunamjua mhalifu," alisema. "Je, ni Abdurrazaque uliyemwona siku ile?"

Darasa zima likageuka kumsikiliza. Abdurrazaque ndiye aliyefanya, kila mtu alijua, na neno "ndiyo" lilikuwa jepesi sana mdomoni.

"Niliona mgongo na shati la buluu," alijibu Sumaia. "Uso sikuuona."

Bi Célia aliandika hivyo hivyo, akafunga kalamu.

Walirudi nyumbani kwa barabara kuu, Saquina akimwegemea Sumaia begani.

"Mama mdogo, hukunikasirikia kwamba nilikimbia?"

"Ungebaki, wangekukata na wewe. Kukimbia panga si kosa, mwanangu. Kosa lilikuwa kusema usilolijua. Panga la Abdurrazaque lilinikata mimi mkono. Kichwa chako, kilipotikisika, nusura kimuue mtu asiye na hatia, na waliotaka kumuua walikuwa watu wazuri wanaotusalimia kila asubuhi. Ukiulizwa, sema ulichokiona, na hapo hapo nyamaza."