Tanuru Ambalo Adela Hakulijua

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya shule, Adela na wenzake walipita katika shamba la kijiji kufukia majani kwenye matuta ya mviringo, kama wafanyavyo Wafipa. Jembe likigonga jiwe, mwanafunzi mwenzao Nikodemo hakukosa neno.

"Mwiteni mjukuu wa mfua chuma! Jembe linalia!"

Watoto walicheka, naye Adela alitembea kifua mbele. Marehemu babu yake aliyeyusha chuma, na hiyo ndiyo sifa pekee iliyobaki baada ya familia yao kuhamia kijiji cha Ujamaa. Tanuru lenyewe la kuyeyushia chuma hakuwahi kuliona.

Siku ya ziara, Mwalimu Ambwene aliwaongoza kwa miguu hadi Maporomoko ya Kalambo. Njiani aliwasimulia habari za watu wa kale waliotumia zana za mawe, kisha za wazee wa Ufipa walioyeyusha chuma katika matanuru marefu ya udongo.

"Tukishatazama maji, tutakutana kwenye tanuru la zamani, kule mlimani," alisema. "Nani analijua?"

Macho yote yalimgeukia Adela.

"Mimi nalijua, mwalimu."

"Vema. Mtangulie na Josefina, maana ameumia mguu na atatembea polepole. Mtusubiri hapo."

Adela alimpeleka Josefina, mtoto wa darasa la pili, katikati ya nyasi ndefu mpaka kwenye udongo mwekundu uliosimama juu kuliko mtu.

"Ndilo hili."

"Mbona halina mlango, dada?"

"Wewe unajua nini? Kaa hapo, wala usiondoke!"

Kisha, kwa hamu ya kuyaona maporomoko, akakimbilia huko. Maji yalijitupa korongoni kwa kishindo, ukungu ukapanda hadi usoni. Filimbi ya mwalimu ilipolia, akawafuata wenzake kwa nyuma hadi mlimani. Huko akaliona tanuru la kweli, limeungua kwa moto wa zamani, lina milango kulizunguka chini. Josefina hakuwapo.

"Adela, mwenzako yuko wapi?"

"Alinifuata nyuma, mwalimu. Kule kwenye maji."

Mwalimu alikimbia kurudi kwenye maporomoko. Wavulana wakubwa walilala kifudifudi ukingoni wakichungulia na kuita, "Josefinaaa!" Korongo likawarudishia sauti zao wenyewe. Nikodemo, mtu wa mzaha, alikuwa analia.

Adela alimkumbuka mama yake Josefina, asubuhi ile mlangoni: "Nakukabidhi mwanangu, Adela." Atamwambia nini? Aligeuka kutazama nyasi alikotoka. Kumbe huko kulijaa vichuguu vya mchwa, vingi, vyekundu, vyote sawa. Hakujua tena alimwacha Josefina kwenye kipi. Jua lilikuwa linashuka. Alitamani ardhi immeze.

"Mwalimu," alisema, "nimekudanganya. Hakunifuata. Nilimwacha kwenye kichuguu, nikidhani ni tanuru. Sijawahi kuliona tanuru maishani mwangu."

Mwalimu hakumpiga. Alipuliza filimbi, akawapanga wote mstari mmoja, wakaanza kupita kichuguu hadi kichuguu wakiita.

Walimkuta Josefina jua likikaribia kuzama. Sauti ilikuwa imemkauka kwa kilio, na siafu walikuwa wamemuuma miguu yote.

"Uliniambia nisiondoke," alisema.

Adela alimnyooshea mkono. Josefina akaficha wake nyuma ya mgongo.

Mwalimu alimbeba mtoto mgongoni. Walipokaribia kijiji, mwalimu alisimama, akamsubiri Adela aliyekuwa nyuma ya wote.

"Mimi si wa huku, Adela, nimetoka Mbeya. Tanuru lile nilionyeshwa na wazee kwa sababu niliuliza. Ungesema 'silijui', wangekucheka kidogo, yakaisha. Ulipojidai unalijua, ulimwacha mwenzako porini. Uliposema alikufuata, ukatupeleka kumtafuta mahali ambapo hayupo. Ukweli wako ndio uliomrudisha, lakini tazama miguu yake. Hiyo ndiyo gharama ya ukweli uliochelewa, na aliyeilipa si yule aliyedanganya."