Diski ya Mbele Kushoto

Maiti ya dereva wa majaribio ilikuwa bado imefungwa mkanda. Gari la mbio lilikuwa limejikita kwenye ukuta wa zege, chini ya mteremko wa uwanja wa majaribio. Nyuma yake, lami ilikuwa na alama za matairi ya upande wa kulia tu.

Inspekta alichutama kando ya gurudumu la mbele kushoto. Diski ya breki, ile ya kauri inayostahimili moto wa mwendo mkali, ilikuwa vipande vipande kama sahani iliyoangushwa sakafuni.

"Nani alifunga gurudumu hili?"

Msimamizi wa karakana, ambaye mafundi wote walimwita Mwalimu, hakusita. Alimtaja fundi wa kike, mdogo wa marehemu. Akaongeza kwamba juzi ndugu hao walirushiana maneno mbele ya watu. Kufikia adhuhuri binti huyo alikuwa mahabusu. Kaka yake angezikwa kesho yake saa nne asubuhi.

"Mligombania nini?" Inspekta alimuuliza.

"Alisema naendesha kama nimebeba mayai. Nikamwambia yeye anaendesha kama ameyaiba." Akafuta macho kwa mkono wa ovaroli. "Afande, huo ndio ugomvi wetu tangu utotoni."

Alipotulia, alieleza kazi yake. Kauri ni ngumu, lakini ikigongwa ukingoni humeguka. Kwa hiyo fundi huanza kwa kukaza pini mbili ndefu mahali pa kufungia gurudumu, ili gurudumu liteleze juu yake bila kuigusa diski. Yeye alizitumia. Kisha alichora mstari wa rangi ya njano kutoka kila nati hadi kwenye rimu. Kila fundi pale ana rangi yake.

Inspekta alirudi kwenye gari. Kwenye magurudumu matatu mistari ilikuwa imenyooka. Kwenye la mbele kushoto, nusu ya kila mstari ilitazama huku na nusu kule. Mtu alikuwa amezifungua nati baada ya binti yule kuzifunga.

Alasiri, mtaalamu wa maabara alipiga simu. Kipande kimoja kilikuwa na mabaki ya gundi iliyoungua na rangi nyeusi. Mtu alikuwa ameziba pengo la kauri kwa gundi. Katika karakana ile, gundi ilikaa kwenye kabati moja, na ufunguo wake ulining'inia shingoni mwa Mwalimu.

Asubuhi iliyofuata Inspekta alimkalisha Mwalimu katika ofisi ya karakana na kumwekea kipande kile mezani.

"Nilitaka kumwonyesha mteja breki," Mwalimu alisema hatimaye. "Nikalivua gurudumu."

"Pini ulitumia?"

Mwalimu alikisogeza kile kipande pembeni.

"Nimekuuliza, pini ulitumia?"

"Hapana. Rimu ikaigonga diski. Ulimeguka ukingo wa kadiri ya ukucha."

"Stoo hamkuwa na diski nyingine?"

"Zilikuwapo mbili."

"Sasa?"

Mwalimu aliinamisha kichwa. "Mwezi uliopita nilimfukuza fundi kwa kosa hilohilo. Nilimsimamisha juu ya benchi, nikamwita mpumbavu mbele ya wenzake. Ningeanzaje kusema kwamba na mimi nimelifanya?"

"Ukaona afadhali mtu afe."

"Nilidhani itahimili siku moja. Ningeibadilisha kesho yake."

"Na yule binti?"

"Ndiye aliyelifunga gurudumu. Kila mtu angeamini." Akainua macho. "Afande, nakuomba jambo moja. Mafundi wasiambiwe habari ya pini."

Inspekta alisimama. Alimfunga pingu, akaufungua mlango wa karakana kwa teke.

"Toka. Utawaambia mwenyewe."

Mwalimu aliwaambia. Fundi mmoja alimpa mgongo, na wengine wakafuata.

Saa tatu na nusu Inspekta aliufungua mwenyewe mlango wa mahabusu, akamweleza binti kila kitu. Alisikiliza huku akifunga kamba za viatu. Akakosea fundo, ikambidi aanze upya.

"Kubadilisha diski ni saa moja," alisema. "Saa moja tu, Afande. Angeniita, ningeibadilisha, na nisingemwambia mtu."