Tavira Hakuwa Mwoga

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya shule, Igihozo alipanga foleni kwenye bomba la maji la mtaa wa Murara, mjini Goma. Foleni ile haikuwa na haraka, na ugomvi wake ulitosha kwa wiki nzima. Lakini watoto waligombania kusimama karibu na Igihozo. Aliweka dumu lake la njano juu ya mawe meusi, akajifuta mikono kwenye sketi yake ya shule, akauliza, "Jana tulifika wapi?"

"Pale Tavira anaingia mu chombo, na Okroni anamufuata!" walijibu kwa pamoja.

Walikuwa wakizungumzia "Bahari ya Nyota", filamu ya vita vya angani iliyokuwa na sehemu saba. Sita zilikwisha kuonyeshwa mtaani, na ya saba, ya mwisho, ilikuwa njiani. Igihozo alizijua zote kwa sababu mama yake, Mukashyaka, alikuwa akikaanga samaki wadogo waitwao sambaza mlangoni pa ukumbi wa video wa Papa Célestin. Kila Jumamosi mchana msichana huyo aliruhusiwa kuketi kwenye benchi la mbele bila kulipa. Papa Célestin mwenyewe alishika kipaza sauti na kufasiri kila neno kwa Kiswahili, akiongeza chumvi kila alipoona filamu inapoa.

Darasa la sita lilikuwa limegawanyika. Guylain na wenzake walimshabikia Jenerali Okroni, mkuu wa majeshi ya chuma. Tuseme ukweli: Okroni alikuwa na koti zuri sana. Lakini tangu lini koti likampa mtu utu? Igihozo alikuwa upande wa Tavira, msichana ambaye sayari yake ilichomwa moto katika sehemu ya kwanza, akakimbia akiwa amembeba mdogo wake mgongoni.

"Tavira ni muoga," Guylain alisema siku moja wakati wa mapumziko. "Shujaa hawezi kimbia. Anabaki, anapigana. Huyu alikimbia tu, sawa hawa deplase."

Kila mtoto pale alijua deplase ni nani. Ni watu waliofukuzwa kwao na vita, na Igihozo alikuwa mmoja wao. Alitembea kwa miguu kutoka upande wa Rutshuru hadi Goma pamoja na mama yake mjane, huku amembeba mdogo wake, Habumugisha, mpaka kitenge kikamchubua bega.

"Weye, umeshabeba mutu ku mugongo mabombe yakilia?" alimuuliza Guylain, akimsogelea. "Kama haujabeba, nyamaza. Kukimbia na mutoto ku mugongo si woga. Woga ni kumuacha."

Guylain aliinua mabega. "Tutaona mu sehemu ya saba. Okroni atamumaliza."

Sehemu ya saba ilifika, na Jumamosi hiyo Guylain alikuwa amekwenda Keshero kwa mjomba wake. Katika darasa lote, Igihozo peke yake ndiye aliyekuwa ukumbini. Alimwona Tavira akitua kwenye sayari yake, akitembea juu ya majivu, mpaka akafika mbele ya mlango wa nyumba yao. Jenerali Okroni alikuwa amesimama hapo akimngoja. Tavira akanyoosha mkono. Jenereta ikakohoa mara mbili, ikazimika.

Papa Célestin alivuta kamba ya jenereta hadi akatokwa na jasho. "Kipuri kimekufa," alitangaza. "Murudi siku ya posho ingine, Jumamosi, tutamalizia." Watu walitoka wakinung'unika.

Jumatatu, darasa zima lilimzunguka Igihozo. Alisimulia vizuri, kwa mikono na macho, mpaka akafika mlangoni. Nia yake ilikuwa kusema kwamba jenereta ilizimika.

"Na kisha?" Guylain aliuliza akicheka. "Okroni alimuua, si ndiyo? Sema tu, muoga wako amekufa!"

Hasira ni hasara, nayo ilimtoka kabla hajafikiri. "Alimushinda!" Igihozo alipaza sauti. "Tavira alipita, akasukuma mulango, akaingia kwao. Mu jiko mulikuwa bado moto!"

"Uliona?"

"Niliona na macho yangu!"

Kelele za furaha zilipasuka. Watoto wa deplase wa madarasa mengine, ambao kwa kawaida walikaa kando ya ukuta, walikuja kusikia habari hiyo na kurukaruka. Tavira amerudi kwao! Wiki hiyo yote walimwomba arudie, naye akarudia, na kila siku akaongeza kitu. Mara kulikuwa na shamba la maharage, mara majirani walitoka kumpokea. Uongo ulikuwa mtamu, na yeye alikuwa na kipaji cha kuupika.

Jumamosi iliyofuata jenereta ilikuwa imepona, na Guylain aliketi mbele kabisa. Tavira alinyoosha mkono. Okroni alimpiga pigo moja, naye akaanguka kizingitini na kufa. Filamu ikaishia hapo, koti la Okroni likipepea.

Guylain aligeuka. "Igihozo! Moto wa jiko uko wapi?"

Benchi zima lilicheka. Igihozo aliinuka, akapita mbele ya sufuria ya mama yake, akaenda nyumbani kwa haraka, uso ukimwaka kwa aibu.

Mlangoni alimkuta Habumugisha, aliyekuwa na miaka sita, ameketi juu ya furushi. Ndani ya kitenge alikuwa amefunga shati lake, kaptura na kandambili.

"Hizi ni nini?" Igihozo aliuliza.

"Ninangoja mama. Tunarudi kwetu," mtoto alisema. "Tavira alirudi, ulisema uliona. Mupira wangu nimepatia Benny, huko kwetu nitapata ingine."

Igihozo alikuwa bado amesimama pale mama yake alipofika na sufuria yake. Mama aliangalia furushi, akamwangalia binti yake, akauliza kuna nini. Igihozo akamweleza yote.

Mama hakumpiga. Aliketi kwenye jiwe la mlangoni. "Unamukumbuka Mukamugema, jirani yetu kule?"

"Ndiyo, mama."

"Kabla ya vita kufika, kijana moja alikuja akilia, 'Wamefika ku kivuko, nimewaona!' Hakuona. Alisikia tu. Tulikimbia, tukalala mu mvua na batoto, tukarudi, hakuna kitu. Ile siku ya kweli, mutu mwenye aliona kabisa alikuja akilia vile vile. Mukamugema akasema, 'Ni maneno yao ya kila siku.' Akabaki anapika."

Igihozo alijua kilichofuata, maana Mukamugema hakuwahi kufika Goma.

"Lakini miye nilisema juu ya filme tu," Igihozo alijitetea huku machozi yakimlenga. "Tena wanatuita waoga!"

"Guylain alikutukana weye. Lakini angalia mwenye amelipa." Mama alimwonyesha Habumugisha. "Anza na huyu. Kisha wale wa ku masomo."

Igihozo alipiga magoti, akamwambia mdogo wake ukweli. Habumugisha alilia, akapiga dumu teke, akakataa sambaza. Benny, mtoto wa jirani, naye hakuwa mjinga. Alisema mpira atarudisha, ila Igihozo amchotee maji wiki nzima. Igihozo alikubali bila kubishana.

Jumatatu angeweza kujifanya mgonjwa. Hakujifanya. Wakati wa mapumziko alikwenda mwenyewe katikati ya uwanja, ambako Guylain alikuwa amekwisha kukusanya watu.

"Huyu hapa! Muongo wa deplase!" Guylain alipiga kelele.

"Muongo ni miye, Igihozo," alijibu, kichwa juu. "Deplase hawajakosa kitu. Filme ilikatika pale ku mulango, na nilisema niliona, kumbe sikuona. Nilidanganya. Munisamehe."

Guylain alikuwa amejiandaa kwa ubishi, si kwa ungamo. Lakini Igihozo hakuwa amemaliza.

"Tavira anakufa, ni kweli, mulijionea. Sasa munisikilize. Sehemu ya pili, alivuka mawingu ya sumu na mutoto ku mugongo. Ya ine, Okroni alimufunga mu gereza mwaka muzima, na hakutaja fasi mudogo wake alijificha. Ya sita, alishinda jeshi nzima na ile roboti yake tu. Mutu kama huyo, munamuua ku mulango wake na pigo moja, na yeye hata haepe? Wenye walitunga ile mwisho walichoka! Walitaka kwenda kulala! Miye siikubali."

"Okroni ana jeshi," Guylain alisema.

"Jeshi lilikuwa wapi siku ile? Alikuwa peke yake na koti lake!"

Watu waliangua kicheko, hata wale wa upande wa Okroni. Msichana mmoja, Kasoki, akauliza, "Sasa ile yenye moto mu jiko?"

"Ile ni yangu. Hakuna mutu aliiona, miye nilitunga. Mukitaka kuisikia, nitawaambia."

Walitaka. Guylain alikunja mikono kifuani. "Nitasikiliza, lakini siamini."

"Usiamini," Igihozo alisema. "Sikiliza tu."

Jioni, walipokuwa wakila, Igihozo alimsimulia mama yake yaliyotokea. Hakuficha kwamba baadhi ya watoto bado walimwita mwongo, na kwamba jambo hilo lilimuuma.

"Wataita, kisha watachoka," mama alisema. "Utasema kweli mara nyingi kabla ya wao kukuamini tena. Hiyo ndiyo bei ya uongo. Lakini sikia, mutoto wangu. Kukataa mwisho mubaya si uongo. Kataa! Hata miye ninakataa kila asubuhi. Ila kitu uliona, sema uliona. Kitu unatamani, sema unatamani. Mutu mwenye anachanganya hizo mbili, siku ya hatari hakuna mwenye atamufuata."

Habumugisha, ambaye siku hiyo alikubali kula, aliinua macho kutoka kwenye sahani. "Na sisi, mama? Tutarudi kwetu?"

Igihozo alimtazama mama yake, akiogopa jibu. Mama aliweka kijiko chini.

"Sijaona, mutoto wangu," alisema. "Ninatamani."